Sifa za Mwandishi Anayeuliza Tena

Wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma linalokuja baada ya Sikukuu ya Ekaristi, viwanja vya Bujora pale Kisesa havina pa kutia mguu. Vyama viwili vya ngoma hushindana: Bagika wako huku, Bagalu wako kule, wanacheza saa ile ile, na kwa desturi ya Wasukuma mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Ndiyo maana wengine huleta chatu, wengine hurusha majembe hewani, na dawa za mvuto hutafutwa mbali. Katikati ya vumbi hilo nilimwona mwandishi wa mkoani, mtu mzima, ameipa ngoma mgongo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mzee mpiga ngoma aliyepumzika, daftari gotini.

“Baba, jina lako nimeliandika hivi. Hebu litazame kama ndivyo.”

Mzee alilitazama, akatikisa kichwa. “Umeacha ng', mwanangu. Hilo ni jina la watu wengine.”

Akalikata, akaliandika upya, akamwonyesha tena. “Wabeja sana, baba,” akamshukuru kwa Kisukuma. Kisha akazunguka kuuliza watu walikuwa wangapi. Mlinzi alitaja idadi yake, muuza miwa yake, askari yake, kila mmoja bila kusitasita. Mwandishi akazikata zote tatu, akaandika kwamba uwanja ulijaa hata watu wakapanda miti. Hilo alikuwa ameliona kwa macho yake.

Huo ndio ufundi ninaousifu, nao hauna makelele. Makumbusho ya Bujora yenyewe yamesimama juu ya tabia hiyo hiyo: Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikusanya vitu na habari za Wasukuma kwa kuwauliza wazee wao. Huko Nyegezi nako, kituo kilichoanzishwa 1960, ambacho mrithi wake tangu 1998 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kiliwafundisha uandishi wa habari vijana wengi. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi: maswali sita ambayo mtoto wa shule huyakariri kwa asubuhi moja. Kuyauliza mara ya pili, wakati jibu la kwanza lilikuwa tamu, huchukua umri.

Ziwa Victoria limetufundisha hilo kwa uchungu. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Basi waliokufa walikuwa wangapi? Mpaka leo wengine husema mia nane na zaidi, wengine husema elfu. Mwandishi fundi, katika siku kama ile, haandiki idadi peke yake. Huandika nani ameitaja na ameipata wapi, ili msomaji ajue uhakika unaishia wapi. Abiria wa daraja la tatu walisafiri bila majina. Kuwakadiria ovyo ni kuwapoteza mara mbili.

Tena kuna habari za Usukuma ambazo daftari peke yake haliwezi kuzibeba. Mwaka 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa Kanda ya Ziwa, Vicky Ntetema wa BBC alijifanya mfanyabiashara, akawaendea waganga kuona nani yuko tayari kuuza viungo vya binadamu. Alitishiwa kuuawa, akalazimika kujificha. Maadili ya kazi hii hayapendi hadaa, nayo huiruhusu tu pale ambapo milango mingine yote imefungwa na jambo lenyewe lina maslahi makubwa kwa umma, kama roho za watu zinapokuwa hatarini. Yeye alikuwa mbele ya mlango wa namna hiyo. Lakini siku hizi simu hurekodi watu kwa siri mfukoni ili tu wachekwe kabla jua halijazama.

Na wale bibi zetu wenye macho mekundu ya moshi wa jikoni, wanaouawa kwa tuhuma za uchawi? Gazeti huandika “kikongwe anayedaiwa kuwa mchawi”, na mhariri akatulia, maana anaamini “anayedaiwa” humkinga na kesi ya kashfa. Neno hilo huwekwa ili kulilinda gazeti. Bibi halimlindi, kwa sababu wenye mapanga husoma “mchawi” tu.

Hapo ndipo ninapowalaumu kidogo walimu na wahariri wetu. Tumewafundisha vijana sheria ili wajue kuogopa dola, na hatuwalaumu kwa hofu hiyo. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilifungia magazeti. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 iliyoirithi ilikuwa na vifungu ambavyo Mahakama ya Afrika Mashariki ilivikataa Machi 2019, na marekebisho yakaja 2023. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa kazini kule Nyololo, Iringa, Septemba 2012. Lakini kijana anayejua kumwogopa mkuu wa wilaya bado hajafundishwa kumhurumia bibi wa kijijini, ambaye hana wakili na pengine hata hajui kuna Baraza la Habari, lililoanzishwa 1995, la kupelekea malalamiko yake.

Sasa sheria ya umati imetoka uwanja wa ngoma ikaingia chumba cha habari. Anayetazamwa na wengi ndiye mshindi. “Imesambaa mitandaoni” imekuwa chanzo, na kuomba radhi kumefichwa pembeni, kwa herufi ndogo, ikiwa kupo.

Tusimsukumie kijana lawama zote. Mwandishi wa mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na iliyochelewa kwa kuhakikiwa hulipwa sawa na ile iliyokurupushwa, au haitoki kabisa. Akitaka kurudi kijijini kuuliza tena, nauli ni yake. Asipokuwa nayo, mwenye semina yupo tayari na gari lake, chakula chake na bahasha. Wamiliki wanalijua hilo, na sisi wasomaji tunalijua. Ufundi huu haukufa kwa kukosa watu wa kuufundisha. Tumeunyima nauli.