"Lugha ya Mwili": Istilahi Isiyotosha

Istilahi ya "lugha ya mwili" imekwisha kuenea katika vitabu vya mafunzo ya kazi na katika madarasa yetu bila ya kuhakikiwa vya kutosha. Ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Hilo pekee si dosari, maana tafsiri sisisi nyingi zimekubalika na zinatumika vyema. Dosari yake imo katika maana.

Kwanza ni neno "lugha". Viziwi wa Tanzania wanayo lugha ya alama, yenye msamiati na sarufi yake. Kusonya au kukunja uso si lugha kwa maana hiyo. Mwalimu akiyaweka mambo haya mawili katika kapu moja, mwanafunzi ataondoka akidhani kwamba kiziwi hubahatisha kwa mikono tu.

La pili ni zito zaidi. Istilahi hii humfanya msomaji aamini kwamba miili yote husema jambo moja popote duniani. Vijitabu vilivyofasiriwa kutoka Kiingereza hufundisha kuwa mtu mkweli humtazama mwenzake machoni. Tuchukue mfano wa kata ya Mkange, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hiyo ni nchi ya Wazigua, Wadoe na Wakwere, na katika upande huo wa Pwani wamo pia wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig. Mtoto wa pwani aliyelelewa akaleleka huinamisha macho anaposemeshwa na mzee. Kijana wa Kimaasai huinamisha kichwa chenyewe ili mkubwa wake amguse. Mjumbe wa baraza la kata aliyekimeza kijitabu kile atayaona macho yaliyoinama, naye atasema moyoni: huyu anaficha jambo. Tangu 2021 kazi ya mabaraza hayo katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kuamua. Lakini msuluhishi wa namna hiyo amekwisha kuamua kabla hajasikia neno. Kosa la mfasiri limemfikia mkulima na mfugaji.

Si kwamba wenyeji hawakuwa na elimu ya mambo haya. Methali isemayo "akufukuzaye hakwambii toka" inatosha kuwa somo zima. Mwaka 1985 Carol Eastman na Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa, walichapisha uchunguzi wao juu ya ishara za Waswahili, wakazigawa katika vielezi na viingizi. Mgawanyo huo ni wa busara, kwa kuwa umeanzia katika matumizi ya wenyeji na si katika kamusi ya kigeni. Bahati mbaya, maneno yote mawili yamekwisha kushikwa na wanasarufi, na hatuoni njia ya kuwapokonya.

Walimu wa fasihi simulizi, hasa Kenya, wanalo neno "viziada lugha". Linafaa kwa fanani anayeongeza mikono na uso katika hadithi yake. Lakini macho ya kijana wa Mkange si ziada ya chochote. Hakusema neno, na kauli yake imekamilika. Pengine mwili ndio unaotangulia, kama neno shikamoo, ambalo asili yake ni kushika miguu na leo husemwa kwa mtu aliye mbali ng'ambo ya barabara.

Sisi tunapendelea "ishara za mwili". "Ishara" peke yake haifai, kwa sababu Kenya lugha ya viziwi huitwa lugha ya ishara, na taa za barabarani nazo ni ishara.

Hata hivyo, mfasiri ana deni kubwa kuliko la istilahi kuu. Kiswahili kina vitenzi vyake: kukonyeza, kubinua midomo, kusonya, kupunga mkono. Avitumie, asiandike "alitoa ishara ya dharau" pale ambapo mtu amesonya. Na ajihadhari na "alitikisa kichwa". Katika riwaya zilizofasiriwa, kauli hiyo hutumika kwa anayekubali na kwa anayekataa, msomaji akabaki kukisia. Aongeze "kukubali" au "kukataa", na katika maandishi ya mahakama au ya hospitali asiiache hata mara moja bila ya nyongeza hiyo.