Watwanga Mkunazi

Miiba ya mkunazi hukaa miwiliwili: mmoja umenyooka, mwenziwe umepinda kama ndoana. Anayechuma majani yake hurudi na mikono iliyochanika. Kisha huyaanika kivulini yasipauke, huyatwanga, huuchekecha unga huo wa kuoshea nywele tena na tena. Akizembea hapo, mteja atashinda akitoa chenga kichwani; kwangu mimi, ufundi wote uko kwenye chekeche. Unga ukikorogwa kwa maji ya uvuguvugu hutoa povu na utelezi, nywele zilizosokotana zikalainika, kitana kikapita bila kung'oa. Huko Oman na mwambaoni kwetu, maiti pia huoshwa kwa mkunazi. Mtwangaji hajui kama unga wake utakwenda kwa bibi harusi au kwa marehemu. Huuchekecha vilevile.