Faili Moja Lilivyogeuka Mti

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kompyuta za ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, zilijuana kwa faili moja tu: HOSTS.TXT. Lilitunzwa Menlo Park, California, katika taasisi ya SRI, na Elizabeth Feinler na wenzake. Ukiunganisha mashine mpya unawaarifu. Wao wanaandika jina na anwani yake, kisha kila mashine inakuja kuchukua nakala.

Kwa mashine mamia, utaratibu huo ulitosha. Kilichoushinda ni hesabu. Mashine zikiongezeka mara 10, faili linarefuka mara 10, na wanaolipakua nao ni mara 10. Mzigo wa kulisambaza unapanda mara 100. Tena nakala ikifika, mengine yameshabadilika.

Novemba 1983 Paul Mockapetris, wa Chuo Kikuu cha Southern California, alichapisha muundo wa DNS, mfumo wa kutafuta anwani kwa jina. Wengi huusifu kwa umbo lake la mti. Kwangu mimi uzito uko katika kukasimu madaraka. Chukua udsm.ac.tz. Jina hilo husomwa kama mtu wa posta asomavyo bahasha: kuanzia mwisho, nchi kwanza. Seva za mzizi, zile za mwanzo wa mti, hazikijui Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wala hazina haja ya kukijua. Zinajua tu nani ameshika .tz. Walioshika .tz nao wanaelekeza kwa walio chini yao, mpaka kwenye seva zenye majina ya chuo. Chuo kikiongeza kompyuta 50 leo, California hapigiwi simu mtu.

Ila kama kila swali lingelazimika kupanda hadi kwenye mzizi, tungekuwa tumerudi Menlo Park kwa njia ndefu. Hapa ndipo penye jambo ninaloliheshimu zaidi: kila jibu hutoka na umri wake, uliohesabiwa kwa sekunde. Seva iliyouliza inalihifadhi na kuwapa wengine, umri ukiisha inauliza upya. Ukiandika 86400, jibu linakaa siku nzima. 300, dakika 5. Anayeamua ni mwenye jina, maana ndiye ajuaye mambo yake hubadilika kwa kasi gani. Fundi anayetaka kuhamisha seva huishusha namba hiyo mapema, siku nzima kabla. Akisahau, wageni wake wataendelea kubisha hodi kwenye nyumba aliyokwisha kuihama.