Dhamana ya Msimulizi: Maisha ya Tippu Tip na Riwaya ya Warren

Mara nyingi wanafunzi wa fasihi huambiwa kwamba ufisadi wa utawala ni habari ya mtawala: alipewa cheo, cheo kikamlevya, akawadhulumu watu wake. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Hapana mtawala atawalaye peke yake. Kando yake wamo karani, mpelelezi, mfadhili, mkwe, na tena msimulizi. Na huyo wa mwisho, aketipo kuandika, ndiye atuambiaye nani alitenda na nani alitendwa. Nia ya insha hii ni kutazama vitabu viwili visivyojuana, kimoja cha Kiswahili na kimoja cha Marekani, na kuuliza jinsi kila msimulizi anavyoichukua dhamana ya mambo anayoyasimulia.

Kitabu cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili. Heinrich Brode akayatoa Ujerumani mwaka 1902 na 1903, na W. H. Whiteley akayatoa tena mwaka 1958 na 1959 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Tangu hapo kimesomwa kama hazina ya lugha na kama ushahidi wa historia. Ni nadra kusomwa kama kazi ya msimulizi achaguaye la kusema na la kunyamazia.

Akaaye Kanyenye leo, katika mji wa Tabora, yumo katikati ya nchi ya kitabu hicho. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Unyanyembe, kisha ikagawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na kusini. Muhammed bin Juma, babake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, na ukwe huo ukampa sauti katika mambo ya utemi. Baada ya kufa Fundikira alitawala Mnywa Sere, ambaye alitaka ushuru kwa bidhaa za wafanya biashara. Wao wakamtoa, wakamsimika Mkasiwa mwaka 1860, na vita vikaendelea kwa miaka kadhaa mpaka Mnywa Sere alipouawa.

Hapa neno moja la Kiswahili latufaa kuliko maelezo mengi. Hongo, ambayo leo ni rushwa, katika njia ile ilikuwa ushuru aliopewa mtemi ili msafara upite katika nchi yake. Machoni pa mtemi ilikuwa haki yake. Machoni pa mwenye bidhaa ilikuwa dhuluma. Lugha imehifadhi neno pamoja na hukumu ya upande mmoja. Basi yafaa msomaji ajue kwamba tendo la utawala hupewa jina na yule anayelisimulia, na kwamba katika mambo ya Unyanyembe aliyeshika kalamu alikuwa mwana wa mmoja wa wenye bidhaa.

Tippu Tip mwenyewe aliijua vema nguvu ya masimulizi. Alipofika Utetera alikwisha pata habari kwamba dada za Mtemi Kasongo Rushie walichukuliwa vitani zamani. Akadai kwamba yeye ni wa uzao wa mmoja wao. Kasongo akamsadiki, akamwachia utawala, na pembe zikawa zaletwa kwake. Jambo la kushangaza si hila yenyewe, kwani hila ni mali ya kila msafiri wa zama zile. La kushangaza ni kwamba anatusimulia hila hiyo kwa utulivu, kama mtu aelezaye alivyonunua mtumbwi. Vivyo hivyo kwa habari ya wapagazi waliomtoroka: aliwaendea watu wa vijijini kwao, akawafunga minyororo, na kwa hayo akaitwa Kingugwa, yaani chui. Jina hilo analitaja kwa fahari. Pembe hupimwa kwa frasila na deni hukumbukwa pamoja na aliyemdai. Mateka huhesabiwa, wasiulizwe jina.

Kitabu cha pili ni All the King's Men cha Robert Penn Warren, kilichotoka mwaka 1946. Hiki ni riwaya, na wasomaji wengi wamemwona ndani yake Huey Long, gavana wa Louisiana aliyepigwa risasi mwaka 1935. Gavana wa riwayani, Willie Stark, anawatendea maskini mema ya kweli, na anayatimiza kwa vitisho na kwa kuwanunua watu. Lakini msimulizi ni Jack Burden, mtumishi wake. Kazi yake ni kuchimbua aibu za watu. Anagundua kwamba Jaji Irwin alipata kula rushwa, anamfikishia jaji ushahidi, jaji anajiua, ndipo Jack anapojulishwa kuwa yule alikuwa baba yake mzazi. Muda wote alijiona mkusanyaji wa habari tu. Sasa habari zimeua.

Ndani ya riwaya hiyo mna hadithi nyingine. Jack, alipokuwa mwanafunzi wa historia, alishindwa kumaliza kazi juu ya Cass Mastern, tajiri wa zama za utumwa aliyeacha shajara. Cass alizini na mke wa rafiki yake, rafiki akajiua, mjakazi Phebe alipoitambua siri, bibi yake akamwuza mbali. Cass akamtafuta asimpate, akawaacha huru watumwa wake, akafa katika vita. Jack hakuweza kuyaandika hayo, kwani kuyaelewa kungemlazimu kukiri kwamba tendo la mtu mmoja huwafikia wote.

Yamkini msomaji atasema kulinganisha hivi si haki: Tippu Tip aliishi kweli, naye Cass alibuniwa na mtu aliyekwisha kujua mwisho wa utumwa. Hoja hiyo ni sahihi, na ndiyo inayotupa funzo. Toba ambayo maisha hayakuitoa, riwaya imeweza kuifikiri. Hata hivyo Warren naye ana pengo lake. Phebe akishauzwa hutoweka kitabuni. Dhamiri ya Cass yapata kurasa nyingi, naye aliyeuzwa hapati kauli. Kwa upande huo vitabu viwili vyafanana kuliko tulivyodhani.

Na fasihi yetu ya kubuni? Katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, waovu na waokozi wametengwa mbali. Katika Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951, waziri Majivuno ni mshitaki dhalimu, naye Karama ni mshitakiwa safi. Uwezo wa kitabu hicho katika kutetea sheria hauna shaka. Lakini Karama hana la kujibu. Mikono yake haikupata kushika chochote cha Majivuno. Twamhurumia, twamsifu, kisha twafunga kitabu tukijiona tu upande wake.

Kinachotakiwa ni msimulizi wa tatu: karani aliyehesabu frasila, nyapara aliyefunga minyororo, mkwe aliyepokea heshima ya utemi, akisema kwa Kiswahili safi yale aliyoyafanya, na mbele yake mpagazi aliyetoroka, mwenye jina na hoja, akimjibu. Maarifa ya kumwandika yapo, na sehemu kubwa imo katika kitabu cha Tippu Tip mwenyewe, mahali pale alipohesabu akapita. Mwanafunzi akisome tena kwa kuuliza, kila panapotajwa idadi ya watu, ni nani hao na walikuwa wakisema nini. Jibu halimo katika kitabu, na hapo ndipo kazi ya mtunzi inapoanza.