Muulize Maua Haya Yanakwenda Wapi

Mama mdogo alikuja Uholanzi kutoka Tanga mwezi wa Aprili, na siku ya tatu nikakodi gari na mwongozaji wa kutupeleka Lisse kuona tulipu. Tuliposimama kando ya shamba la kwanza, matuta mekundu na ya manjano yamenyooka hadi ukingoni mwa mfereji, hakusema kwamba pamependeza. Yeye ameuza sokoni Mgandini tangu mimi sijazaliwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akauliza, "Mwanangu, haya yote yanauzwa wapi?"

Nikamtafsiria mwongozaji. Akajibu, "Hayauzwi, mama. Wiki ijayo mashine itapita kuyakata vichwa."

Tangu siku ile, swali la mama mdogo ndilo ninalompima nalo mwongozaji yeyote wa bustani za tulipu. Anayekujibu kwamba maua yale yanapelekwa madukani hajui anachokuonyesha. Mkulima wa Bollenstreek, ukanda wa mashamba ulio kati ya Leiden na Haarlem, nyuma ya vilima vya mchanga vya Bahari ya Kaskazini, halimi ua. Analima tunguu. Ua huachwa lichanue siku chache ili likaguliwe: je, rangi ni yenyewe? Kuna mche mgonjwa? Kisha hukatwa, ili chakula kinachotengenezwa na majani kishuke chini kikanenepeshe tunguu badala ya kuishia kwenye mbegu. Tunguu huchimbwa kiangazi. Zile tulipu za kufungwa mashada huko madukani ni habari nyingine: nyingi hukuzwa ndani ya nyumba za vioo, na huanza kuuzwa wakati mashamba ya nje bado yamelala kwenye baridi.

Mwongozaji anaweza kuwa na gari safi na maneno matamu, lakini asipolijua hilo atakupangia siku vibaya. Shamba gani mwende, saa ngapi, msimame wapi: majibu yote yako chini ya udongo.

Kwa hiyo anza kumpima kwenye simu, kabla hujalipa senti. Mzuri hukuuliza tarehe kabla hajataja bei. Mwishoni mwa Machi utaona krokasi na dafodili. Katikati ya Aprili hayasinthi zinanukia mpaka ndani ya gari lililofungwa madirisha. Tulipu hufika kilele kuanzia katikati ya Aprili hadi siku za kwanza za Mei, na hata hapo majira yakiwa na joto kila kitu hutangulia, yakiwa na baridi kila kitu huchelewa. Keukenhof, ile bustani ya maonyesho iliyoko Lisse, hufunguliwa wiki nane hivi tu kwa mwaka, kuanzia nusu ya pili ya Machi mpaka karibu katikati ya Mei. Anayekuahidi mwezi Januari kwamba tarehe fulani utasimama mbele ya shamba lililochanua anakuuzia kitu asicho nacho mkononi. Ninayemwamini mimi hunipa jibu lisilofurahisha: bustani nina hakika nayo, shamba nitakuambia siku mbili kabla.

Muulize pia shamba lenyewe liko wapi. Akikutajia pale alipowapeleka wageni mwaka jana, endelea kutafuta. Wakulima hubadilisha mazao, kwa kuwa magonjwa ya tulipu hukaa udongoni. Mahali palipokuwa pekundu mwaka uliopita leo pana viazi. Mwongozaji anayeijua kazi yake hupita barabara zile mwenyewe siku chache kabla yako, au ana mkulima wa kumpigia simu. Na mwanzoni mwa Mei, mashamba ya Lisse yakishakatwa vichwa, atakuwa na ujasiri wa kugeuza njia kabisa na kukupeleka mbali zaidi, Noordoostpolder, ardhi iliyokaushwa mwaka 1942 mahali palipokuwa maji ya bahari. Huko udongo ni wa mfinyanzi na mashamba ni mapana kiasi kwamba jicho linachoka kabla rangi haijaisha. Ni safari ndefu zaidi kwa gari, na mwongozaji mvivu hataitaja.

Saa ndiyo inayotenganisha fundi na dereva. Keukenhof hufungua lango saa mbili asubuhi. Kuanzia saa nne mabasi makubwa huwa yamejaa uwanjani, na njia za bustani zinakuwa kama Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Hapo mtu angesema, basi twende mapema tumalize. Lakini tulipu ni ua linalofuata joto: usiku na asubuhi ya baridi hujifunga kama ngumi, jua likipanda hufunguka, mpaka unaona doa jeusi au la buluu lililojificha chini ya petali. Ukifika mapema unapata nafasi na maua yaliyofumba. Ukichelewa unapata maua yaliyofumbua, na migongo ya watu.

Nimeona waongozaji wakilitatua jambo hili kwa njia mbalimbali, na ninayo niipendayo. Bustani iwe ya kwanza, saa mbili kamili, tiketi za saa hiyo zikiwa zimeshanunuliwa kwenye mtandao. Tembeeni kwanza chini ya miti mikubwa na kando ya maji, ambako uzuri uko kwenye mpangilio na hauhitaji ua lililofunguka. Ikigonga saa nne, ingieni ukumbi wa vioo wa Willem-Alexander, ambako tulipu za kila namna zimefumbuka hata kama nje kuna ukungu. Kisha tokeni kabisa, mwende mashambani adhuhuri, jua likiwa juu na kila ua wazi. Mwongozaji aliyekuja na mpango huo bila kuombwa, mshike.

Ndani ya bustani, tazama macho yake yanakwenda wapi. Wengi watakupa hesabu: hekta 32, matunguu yapatayo milioni 7 yanayopandwa kwa mkono kila vuli. Watakueleza kwamba jina Keukenhof maana yake ni bustani ya jikoni, kwa sababu karne ya 15 ardhi ile ililisha jiko la mtawala Jacoba van Beieren, na kwamba wageni walianza kupokelewa mwaka 1950. Yote ni kweli, na yote unaweza kuyasoma mwenyewe. Fundi anainama. Atakuonyesha tuta moja dogo na kukuambia usogeze macho karibu na udongo: chini ya tulipu iliyochanua kuna majani ya krokasi yanayonyauka, na kando yake vichwa vya kijani vya tulipu nyingine ambazo bado. Matunguu yamepandwa kwa tabaka, ya kuchelewa chini kabisa, ya kuwahi juu yake, krokasi juu ya yote, ili tuta lilelile lichanue kwa zamu tangu Machi hadi Mei. Ukishaliona hilo huwezi tena kuitazama bustani kama zulia. Unaanza kukagua: urefu umelingana? Kuna pengo lililozibwa? Rangi mbili zilizopandwa pamoja zimekutana siku moja, au moja imewahi na kuiacha nyingine?

Halafu maumbo. Wataalamu wamezigawa tulipu katika makundi yapatayo 15, nawe huna haja ya kuyakariri. Ila mwongozaji akikuwekea mawili kando kwa kando, jicho lako hujifunza kwa dakika tano. Kuna zenye kiuno chembamba na petali zilizochongoka kwa nje. Kuna zinazoitwa kasuku, zilizokunjamana na kuchanikachanika, kijani kimevuja ndani ya nyekundu. Kuna zenye matamvua ukingoni. Mama mdogo alipoziona alishika pindo la kikoi begani kwake akaangalia huku na huku, akizilinganisha. Kuna ile iitwayo Queen of Night, ambayo watu huita nyeusi. Mwongozaji mkweli atakuomba uisogelee mwangani uone kwamba ni zambarau iliyokolea mno.

Hadithi nazo hupimwa. Kila mwongozaji atakusimulia homa ya tulipu, namna matunguu yalivyouzwa kwa bei za kutisha mpaka biashara ikaanguka Februari 1637. Wengi huongeza kwamba taifa zima lilifilisika na watu wakajitupa miferejini. Simulizi hilo lilienezwa na kitabu cha Charles Mackay cha mwaka 1841. Mwanahistoria Anne Goldgar alipochimba nyaraka za miji yenyewe, katika kitabu alichotoa mwaka 2007, hakukuta maangamizi hayo; alikuta kundi dogo la wafanyabiashara waliofahamiana, na kilichovunjika zaidi kilikuwa uaminifu kati yao. Mwongozaji anayekupa hadithi hii ndogo badala ya ile kubwa amefanya kazi ya ziada kwa ajili yako.

Na anayeijua vizuri ataiunganisha na shamba. Tulipu zilizotafutwa kuliko zote enzi zile, kama Semper Augustus, zilikuwa na michirizi ya moto juu ya weupe. Hakuna aliyeweza kuitengeneza michirizi hiyo kwa makusudi, na ndiyo maana ilikuwa ghali. Mwaka 1928 mtafiti Dorothy Cayley alionyesha kwamba ni ugonjwa unaoambukizwa kutoka tunguu hadi tunguu, na baadaye ikafahamika kuwa ni virusi vinavyobebwa na vidukari. Leo ukisimama kando ya shamba mwezi wa Aprili unaweza kumwona mtu akitembea taratibu kati ya matuta, kichwa kimeinama, akitafuta ua lenye mchirizi usiopaswa kuwapo. Akiliona, anang'oa mche mzima pamoja na tunguu lake. Kile ambacho mababu zake wangekinunua kwa mali yao yote, yeye anakiondoa kabla hakijawaambukiza majirani. Sisi tulionyeshwa mtu huyo kwa kidole, mita mia mbali. Ilikuwa dakika bora ya siku, na haikuwa kwenye tangazo lolote.

Kwa msomaji wa pwani kuna jambo jingine ambalo mwongozaji mwenye maarifa atalifikia. Ua hili halikuzaliwa Uholanzi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, likapendwa na Waosmani, na jina la Ulaya linatokana na kilemba. Carolus Clusius aliwasili Leiden mwaka 1593, na majira ya machipuko yaliyofuata tulipu zake zikachanua katika bustani ya chuo kikuu, ambayo ipo hadi leo. Waajemi na Waturuki huliita lale, na kwa hati ya Kiarabu neno hilo huandikwa kwa herufi zilezile za jina la Mwenyezi Mungu, zimepangwa vingine tu; ndiyo sababu unaliona kwenye vigae vya misikiti ya Istanbul. Aliyesoma madrasa utotoni atazipanga herufi hizo kichwani mwake papo hapo, alif, lamu mbili na ha.

Kosa lisilosameheka ni la kamba. Mwaka mmoja nilimkodi mtu, simtaji, aliyeinua kamba ya shamba na kutuambia tuingie kati ya matuta tupige picha. Tuliingia. Mwenye shamba alikuja kwa baiskeli, hakupaza sauti, akainama akaokota jani moja lililovunjika na kunionyesha. Sikuelewa siku ile. Sasa najua kwamba jani lililovunjika ni chakula kilichonyimwa tunguu, na kwamba viatu vyetu vilikuwa vimetoka kwenye udongo wa shamba jingine pamoja na maradhi yake. Nikikumbuka uso wa yule mzee bado naona haya. Mwongozaji anayekwambia usimame nje ya kamba, kisha akakutafutia mahali ambapo barabara imeinuka ili picha itoke kana kwamba umo ndani, huyo ana adabu na pia ana jicho.

Vituo vya viatu vya mbao na jibini vipunguze. Mkitokea Kenya, hata hivyo, muombe siku ya kazi, alfajiri, apitie Aalsmeer kwenye mnada wa maua wa Royal FloraHolland. Waridi za Naivasha ziko pale, zikipita kwenye vitoroli huku bei kwenye saa ya mnada ikianza juu na kushuka mpaka mnunuzi mmoja aisimamishe. Ni sehemu ya siku ambayo mgeni wa Afrika Mashariki anaweza kumfundisha mwongozaji wake kitu, na mwongozaji mzuri atakaa kimya asikilize.

Safari ya peke yenu hulipiwa kwa ajili ya mambo mawili, mwendo na uhuru wa kugeuka. Goti la mama mdogo lilianza kuuma saa tano. Mwongozaji aliliona kabla yangu, akabadilisha njia tukaelekea kwenye kinu cha upepo, tukaketi tukitazama mashamba ng'ambo ya mfereji, na kwa robo saa hakusema neno.

Jioni mama mdogo alitaka matunguu ya kupeleka Tanga. Nilitarajia mwongozaji atupeleke kwenye duka la rafiki yake. Badala yake alisimamisha gari akamweleza kwamba tulipu haiwezi kuchanua bila kulala kwenye baridi kali kwa miezi mitatu au zaidi, na Tanga haina usiku wa namna hiyo. "Na Lushoto?" mama akauliza. Akatazama joto la Lushoto kwenye simu yake, akatikisa kichwa. Halafu akasema iko njia: aagize wakati wa vuli, yakija na cheti cha afya ya mimea, ayaweke kwenye friji kabla ya kuyapanda, ila asiyachanganye na matunda, kwa kuwa hewa inayotoka kwenye tunda linaloiva huua ua likiwa bado changa ndani ya tunguu. Akachana karatasi kwenye daftari lake, akaandika kwa herufi kubwa, nami nikaandika Kiswahili chini yake: wiki 14, droo ya chini, mbali na ndizi na maembe. Mama mdogo aliikunja mara mbili akaifunga kwenye ncha ya leso yake, mahali anapoweka pesa.