Survival ya Bob Marley: Bango la Ushindi au Onyo?

Albamu ya Survival, yaani kunusurika, iliyotolewa na Bob Marley na The Wailers Oktoba 1979, huchukuliwa na wengi kuwa ni bango la ushindi. Jalada lenyewe linawasaidia: bendera za nchi za Afrika, safu kwa safu. Lakini nyuma ya jina la albamu kuna mchoro wa meli ya watumwa, watu wamepangwa kama dagaa. Anayeona bendera bila kuiona meli ameisoma kazi hii nusu. Rai yangu ni kwamba albamu hii ni onyo kuliko sherehe, na onyo hilo linatugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kwa karibu sana.

Tuchukue wimbo wa Zimbabwe. Kimaudhui, msanii anatetea haki ya watu kushika silaha kujikomboa. Hapo hakuna ubishi. Ila hapo hapo anawageukia wapiganaji wenyewe na kuwatahadharisha wasigombanie madaraka ndani kwa ndani. Kwa nini aharibu shangwe kabla hata uhuru haujapatikana?

Jibu lipo Iringa. Kambi ya Mgagao ilikuwa kituo cha mafunzo cha ZANLA, jeshi la ZANU. Mwaka 1975 makamanda waliokuwa pale walitoa azimio la kuwakataa viongozi wakubwa wa wakati huo na kumtaja Robert Mugabe kama mtu wanayeweza kumsikiliza. Yaani ugomvi wa uongozi ulishatufikia milimani kwetu miaka minne kabla ya wimbo. Msanii hakuwa anapiga ramli. Alikuwa anasema jambo lililokuwapo.

Na yaliyofuata tunayajua. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980 Marley alipiga uwanja wa Rufaro, Harare ya leo, na polisi wakawarushia mabomu ya machozi wananchi waliotaka kuingia. Kuanzia 1983 serikali ya Mugabe ilituma jeshi Matabeleland, ngome ya ZAPU, na maelfu ya raia wakauawa. Mugabe aliondoka madarakani Novemba 2017 tu, tena kwa kusukumwa na jeshi. Jamani, kama hilo siyo onyo lililopuuzwa, ni nini?

Kifani, onyo hili limebebwa na muziki wenyewe. Carlton Barrett anaacha pigo la kwanza tupu, ngoma inadondoka kwenye pigo la tatu. Besi ya Aston Barrett haina haraka. Muziki haukimbii kama gwaride, unakulazimisha kusikiliza. Akina mama watatu wa I Threes wanaitikia kama kiitikio cha ngoma zetu, kwa hiyo neno la msanii mmoja linakuwa la halaiki. Huwezi kuitikia halafu ukasema hukuhusika.

Hata hivyo kazi hii ina udhaifu, na tusiufiche kwa sababu ya mapenzi. Wimbo wa Africa Unite unauomba umoja kama baraka, hausemi nani atoe nini. Sisi tunajua umoja una gharama. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, imepita Makambako, Mbeya na Tunduma hadi Kapiri Mposhi ili Zambia isitegemee njia za Rhodesia na Afrika Kusini. Umoja huo ulijengwa kwa mkopo wa China na kwa jasho la vibarua. Upande huo msanii hakuugusa.

Linganisha na Gamba la Nyoka ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka huo huo wa 1979. Kezilahabi naye anashughulika na kuwaunganisha watu, lakini anaingia hadi kijijini, anaonyesha wanakijiji wanaolazimishwa na wanaokataa. Marley anaiona Afrika kutoka mbali, kwa hiyo anaiona nzima. Kezilahabi anaiona kutoka barazani, kwa hiyo anaona nyufa. Zimbabwe ndio wimbo ambamo Marley aliziona nyufa, na ndiyo maana naupa nafasi ya kwanza katika albamu nzima.

Kwa ujumla, Survival isifundishwe kama kaulimbiu. Ifundishwe pamoja na habari za Mgagao, ili mwanafunzi ajiulize: tukishashinda, nani atamwambia mshindi kwamba amekosea?