Mshikamano Bila Muwala: Ufahamu wa Kiingereza katika Mtihani wa Gaokao
Katika mtihani wa Gaokao, unaowachuja wanafunzi wa China kuingia vyuo vikuu, zoezi moja la ufahamu wa Kiingereza lina matini yenye mapengo 5 na sentensi 7 za kuchagulia. Zoezi hili limegusa penyewe: Kichina huruhusu kiima kudondoshwa na vishazi kufuatana bila viunganishi, ilhali Kiingereza hudai vyote vidhihirike. Hata hivyo, mtahiniwa aliyezoezwa kuwinda viwakilishi na viunganishi kandokando ya pengo hupata jibu bila kuifuata hoja ya mwandishi. Mshikamano ameuona, muwala umempita. Kasoro hiyo ni ya mtunzi kuliko mwalimu. Sentensi 2 za ziada zingebeba viunganishi vilevile, zikatofautiana kwa hoja tu, msomaji angelazimika kusoma.